St Helena hadi Ascension: saa mbili angani, mafuta ya saa nne na nusu

Kati ya uwanja wa ndege wa kisiwa cha St Helena (HLE) na ule wa Wideawake kisiwani Ascension (ASI) kuna kilomita 1,301 za bahari ya Atlantiki ya Kusini. Umbali huo unazidi kidogo tu ule wa Dar es Salaam hadi Goma. Ukiingiza herufi za viwanja hivi kwenye kikokotoo chochote cha mtandaoni utapewa jibu mara moja: saa 1 na dakika 27 kwa kilomita 900 kwa saa, au saa 1 na dakika 38 kwa kilomita 800. Vikokotoo vingine huongeza nusu saa ya kupaa na kutua, vikafika saa 2 na dakika 8.

Jibu hilo la mwisho ndilo lililo karibu na ukweli, ingawa limepatikana kwa bahati. Lakini dakika si mzigo mkubwa wa safari hii. Kati ya Dar na Goma rubani ana Dodoma, Tabora, Mwanza na Kigali za kukimbilia. Kati ya St Helena na Ascension hana hata mwamba, na akishafika Ascension, uwanja mwingine ulio karibu zaidi ukiacha St Helena yenyewe uko Liberia. Hilo ndilo linaloamua mafuta, uzito, idadi ya abiria na ratiba nzima.

Umbali wenyewe

St Helena iko latitudo 15°57'33" kusini, longitudo 5°38'45" magharibi. Wideawake iko 7°58'10" kusini, 14°23'37" magharibi. Kabla ya hesabu yoyote, dakika na sekunde zigeuzwe desimali, na kusini na magharibi zipewe alama ya kutoa:

HLE: −15.9592, −5.6458
ASI: −7.9694, −14.3936

Tofauti ya latitudo ni nyuzi 7.9898, ya longitudo ni nyuzi 8.7478. Kanuni ya duara kuu, yaani njia fupi kabisa juu ya tufe, inakwenda hivi:

a = sin²(3.9949) + cos(15.9592) × cos(7.9694) × sin²(4.3739)
a = 0.00485 + 0.00554 = 0.01039
pembe = 2 × arcsin(√a) = nyuzi 11.70

Kila uzi mmoja ni maili 60 za baharini, kwa hiyo ni maili 702. Ukizidisha kwa 1.852 unapata kilomita 1,300 na ushei. Tofauti ya kilomita moja na ile 1,301 inatokana zaidi na ukubwa wa tufe ambao kila hesabu inauchukulia. Anayetumia umbo halisi la dunia lililobonyea kwenye ncha badala ya tufe kamili atapunguza kama kilomita moja na nusu hivi. Hakuna rubani atakayeiona.

Makosa yanayoharibu hesabu hii ni mawili, na yote hutokea kabla ya kugusa kanuni. La kwanza ni kusoma 15°57'33" kana kwamba ni 15.5733. Kwa kosa hilo peke yake St Helena inasogezwa kaskazini kilomita 43, na safari inapungua kilomita 29 hivi. La pili ni kusahau alama ya magharibi kwenye longitudo moja: St Helena ikihamishiwa mashariki ya Greenwich, umbali unaruka hadi kilomita 2,352. Jibu la namna hiyo linatisha kwa sababu linaonekana la kawaida kabisa, na mtu asiyelijua eneo atalikubali.

Mwelekeo wa kuanzia ni nyuzi 312, na ndege inafika ikiwa kwenye nyuzi 314. Mpindo ni mdogo kwa kuwa safari ni fupi na iko karibu na ikweta. Nyuzi hizi ni za kaskazini halisi. Dira ya sumaku katika maji haya inakosea zaidi ya nyuzi 10 kuelekea magharibi, kwa hiyo namba anayoiona rubani kwenye dira ni kubwa kuliko ile ya ramani.

Kutoka kilomita hadi dakika

Ndege inayojulikana kwenye njia hii ni Embraer 190 (E190) ya shirika la Airlink la Afrika Kusini. Ikiwa futi 36,000 kwa Mach 0.78 (asilimia 78 ya kasi ya sauti), kasi yake ni noti 447, yaani maili 447 za baharini kwa saa. Ukigawa 702 kwa 447 unapata dakika 94. Hapo ndipo vikokotoo vingi vinapoishia, na ndipo vinapokosea, maana ndege haizaliwi ikiwa futi 36,000.

Tuchukue makadirio ya kawaida ya ndege ya ukubwa huu. Kupanda kunachukua dakika 23 na kumeza maili 130. Kushuka kunachukua dakika 22 na maili 115. Zinabaki maili 457 za kwenda sawasawa, ambazo kwa noti 447 ni dakika 61. Jumla ni dakika 106.

Bado kuna pande mbili za safari ambazo duara kuu halizijui. Upepo wa kudumu wa eneo hili, unaovuma chini kutoka kusini-mashariki mwaka mzima, unailazimisha ndege ya St Helena kuruka ikielekea kusini kwenye njia namba 20 (yaani mwelekeo wa nyuzi 200 za dira ya sumaku), halafu igeuke zaidi ya nyuzi 120 ili ishike uelekeo wa Ascension. Kule Ascension njia ya kurukia ni 13/31, yaani nyuzi 130 ikitumiwa upande mmoja na 310 upande wa pili. Kwa upepo uleule, kutua kwa kawaida ni kwenye 13, yaani ndege iliyotoka kusini-mashariki inakipita kisiwa, inageuka na kurudi ilikotoka ndipo itue. Weka dakika 3 upande wa kuondoka na 6 upande wa kufika. Tumefika saa 1 na dakika 55 za hewani. Ongeza dakika 8 za kutembea ardhini pande zote mbili, na muda wa kutoka lango la uwanja mmoja hadi lango la mwingine unakuwa saa 2 na dakika 3.

Upepo wa juu hauna nguvu kubwa hapa. Ukiwa wa mbele kwa noti 20, zile dakika 61 zinakuwa 64. Ukiwa wa nyuma zinakuwa 59. Anayetoka London kwenda New York anaweza kupoteza saa nzima kwa upepo wa mbele. Huku karibu na ikweta hesabu ya upepo inabadilisha muda kwa dakika chache tu, kwenda na kurudi. Saa za visiwa hivi viwili nazo ni moja, saa ya Greenwich mwaka mzima, kwa hiyo tikiti haina mtego wa saa za eneo.

Kwa ndege ndogo mambo hubadilika. King Air 200 ndiyo iliyotua St Helena kwa mara ya kwanza kabisa, tarehe 15 Septemba 2015, ikitokea Afrika Kusini kupitia Angola. Kwa noti 265 hivi, ndege kama hiyo ingehitaji saa 2 na dakika 40 kufika Ascension, bila kuhesabu kupanda na kushuka. Na kwa meli? Maili 702 kwa noti 14.5 ni saa 48 na nusu. Huo ndio uliokuwa usafiri wa watu wa St Helena hadi meli yao ya RMS St Helena ilipostaafishwa Februari 2018. Waingereza walikipenda kisiwa hiki kwa ugumu huohuo wa kufikika: Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Zanzibar kwa siku mbili mwezi Agosti 1896, walimkamata mwaka 1916 katika vita vya Afrika Mashariki, na St Helena ni mojawapo ya visiwa walivyomhamishia kabla ya kumruhusu kurudi. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Mafuta

Hapa ndipo kisa kinapoanza kuwa kigumu. Ndege inayokwenda uwanja wowote hubeba mafuta ya kufika, ya dharura ndogo za njiani, ya kwenda uwanja mbadala kama wa kwanza umefungwa, na ya dakika 30 za mwisho ambazo haziguswi. Mbadala wa Dar unaweza kuwa Zanzibar, ng'ambo tu ya mkondo wa bahari. Mbadala wa Ascension, ukiacha kurudi ulikotoka, ni Roberts karibu na Monrovia, maili 885 kaskazini. Mbadala uko mbali kuliko safari yenyewe.

Tukadirie E190 inatumia kilo 1,900 kwa saa ikiwa safarini na kilo 1,500 kwa saa ikizunguka kusubiri:

Kuwasha na kutembea ardhini: kilo 150
Safari, saa 1 na dakika 55: kilo 3,640
Ziada ya njiani, asilimia 5: kilo 180
Ascension hadi Monrovia, saa 2 na dakika 11: kilo 4,150
Akiba ya mwisho, dakika 30: kilo 750
Jumla: kilo 8,870

Matangi ya E190 yanachukua karibu kilo 13,000, kwa hiyo mafuta yanaingia bila shida. Abiria anauziwa saa mbili; matangi yanabeba saa nne na nusu. Mafuta ya mbadala na akiba ya mwisho, kilo 4,900, ni mzigo unaobebwa kwenda na kwa kawaida hautumiki. Ukimhesabia kila abiria kilo 100 pamoja na mizigo yake, huo ni uzito wa watu 49.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinatoa njia nyingine kwa uwanja uliojitenga namna hii. Badala ya mbadala, ndege ya injini za turbini, kama jeti, inaweza kubeba mafuta ya saa mbili juu ya uwanja iendako, akiba ya mwisho ikiwemo. Kwa hesabu yetu hizo ni kilo 3,800 badala ya 4,900: nafuu ya kilo 1,100, au abiria 11. Kuna sharti, nalo ni zito. Lazima iwekwe nukta ya mwisho ya kurudi, na kabla ya kuivuka rubani awe na taarifa mpya kwamba hali ya hewa, njia ya kurukia na huduma za uwanja zinaruhusu kutua. Akishaivuka, hana kwingine.

Nukta hiyo iko wapi? Kwa mpango huu ndege inaondoka na kilo 7,770. Toa 150 za ardhini na 750 za akiba, zinabaki 6,870, ambazo ni saa 3 na dakika 37 za kuruka. Bila upepo nusu yake ni saa 1 na dakika 48. Kushuka kuelekea Ascension kunaanza kama saa 1 na dakika 27 baada ya kuruka. Maana yake rubani anaweza kufika hadi juu ya mteremko, akazungumza na mnara wa Wideawake, na bado akageuza. Kwa maandishi ni mpango mzuri sana. Udhaifu wake ni kwamba pa kurudi ni St Helena, na St Helena si uwanja wa kuutegemea kama kimbilio.

Kwa nini St Helena ni ngumu kuliko Ascension

Wideawake ina njia ya mita 3,054 katika mwinuko usiofika mita 90 juu ya bahari. Marekani iliwahi kuiweka kwenye orodha ya viwanja vya dharura vya chombo chake cha anga za juu. E190 inaitumia ikiwa na nafasi ya kubaki. Hata pale uso wake ulipochakaa kiasi kwamba ndege kubwa za daraja la anga la Uingereza kwenda Falkland zilisimamishwa kupita Ascension tangu Aprili 2017 hadi ukarabati ulipokamilika 2023, E190 iliweza kutua.

St Helena ni kinyume chake. Njia 02/20 ina mita 1,950, iko mita 310 juu ya bahari, ukingoni mwa jabali la mashariki mwa kisiwa, mahali panapoitwa Prosperous Bay Plain. Ili kupata urefu huo bonde zima la Dry Gut lilijazwa takriban mita za ujazo milioni 8 za mawe na udongo. Upepo wa kusini-mashariki unavuka maelfu ya kilomita za bahari bila kizuizi, kisha unagonga jabali hilo na miamba iliyo kaskazini ya uwanja. Ndege inayoingia kutoka kaskazini kutua kwenye 20 ina upepo wa mbele, jambo jema, lakini katika maili za mwisho inapita ndani ya hewa iliyovurugwa na miamba: mara inainuliwa, mara inazama, na kasi ya hewa juu ya mabawa inashuka ghafla ikiwa chini na taratibu. Boeing 737-800 iliyoletwa kwa majaribio Aprili 2016 ilikutana na hali hiyo, na ufunguzi uliopangwa mwezi uliofuata ukaahirishwa. Safari za ratiba zilianza tarehe 14 Oktoba 2017, kwa ndege ndogo zaidi.

Dawa ya msukosuko huo ni kuingia kutoka kusini, kwenye 02, ambako hewa ni tulivu. Gharama yake ni upepo wa nyuma. Tuseme upepo ni noti 15 na sehemu yake ya kuisukuma ndege ni noti 12. Ndege inayokaribia kwa noti 125 inagusa ardhi ikiwa na kasi ya asilimia 10 zaidi kulinganisha na hewa iliyotulia. Nguvu ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi: 1.1 × 1.1 ni 1.21. Breki zina kazi ya asilimia 21 zaidi, na umbali wa kusimama unarefuka kwa kiasi kama hicho. Kwenye mita 3,054 ungecheka. Kwenye 1,950, na sehemu ya urefu huo ikiwa imetengwa kwa usalama wa miisho, unapunguza uzito.

Na uzito wa kutua ndio unaogombana na mafuta. Ndege inayotoka Ascension kuja St Helena inabidi ifike ikiwa bado na mafuta ya kurudi Ascension au kukimbilia bara, huku Walvis Bay, kwenye pwani ya Namibia, ikiwa maili 1,221. Mafuta mengi yanaleta usalama wa kuondoka na ugumu wa kutua kwa wakati mmoja. Kinachobaki cha kupunguza ni watu na mizigo. Airlink ilipoanza kuhudumia St Helena kutoka Johannesburg iliuza viti 76 kati ya 99. Viti 23 vitupu kwa kilo 100 kila kimoja ni tani 2.3. Ni kwa sababu hiyohiyo ndege inayokwenda huko hutua kwanza kwenye pwani ya Namibia kujaza mafuta, ili ifike kisiwani ikiwa na ya kutosha kurudi bara ikishindwa kutua.

Kwa ndege ya injini mbili, kikomo cha kawaida ni kwamba isiwe mbali na uwanja zaidi ya dakika 60 kwa mwendo wa injini moja. Katikati ya HLE na ASI ni maili 351. Kwa noti 350 za injini moja ni dakika 60 kamili, yaani njia hii inakalia mpaka wenyewe, na ni lazima viwanja vyote viwili viwe wazi muda wote ndege iko hewani. Upande wa Walvis Bay katikati ni maili 610, dakika 105, ndiyo maana Airlink ilihitaji kibali cha dakika 120 kabla ya kuanza. Hesabu ya dharura pia haiishii kwenye injini. Hewa ya ndani ikivuja, ndege hushuka futi 10,000 na kukamilisha safari huko, ambako kila maili inakula mafuta mengi zaidi kuliko juu. Mpangaji hukagua maili 351 za namna hiyo kwanza. Zikitosha, hali nyingine za njiani kwa kawaida hutosha.

Saa mbili hizo zinapatikana lini

Safari ya kwenda Ascension, iliyoanza Novemba 2017, kwa kawaida ni mara moja kwa mwezi, ikiunganishwa na ndege ya Jumamosi inayotoka Johannesburg: inaendelea hadi Ascension, inalala, inarudi Jumapili. Aliyeikosa kwa siku moja anasubiri mwezi. Wideawake ni uwanja wa kijeshi, na mgeni hapandi ndege bila kibali cha kuingia Ascension kilichoombwa na kutolewa mapema. Kibali cha St Helena hakitoshi, ingawa visiwa hivi viko chini ya gavana mmoja.

Anayeunganisha ndege Johannesburg siku ileile anajitafutia taabu. Mawingu ya chini au upepo mbaya St Helena huweza kusukuma safari nzima hadi siku inayofuata, na tikiti ya pili iliyonunuliwa kando haitamsubiri. Usiku mmoja wa ziada Johannesburg wakati wa kurudi ni wa lazima, miwili ni bora.

Kulala Ascension nako si hiari. Johannesburg hadi Walvis Bay ni maili 765, karibu saa 2. Walvis Bay hadi St Helena ni saa 3 na dakika 5. Ongeza saa 1 na dakika 55 za kwenda Ascension, na wahudumu wana saa 7 za hewani kwa siku moja. Weka juu yake kujaza mafuta Walvis Bay, kushusha na kupakia St Helena, na matayarisho ya asubuhi, siku ya kazi inapita saa 10 kabla ya ucheleweshaji wowote. Kugeuza usiku uleule kuja kutua kwenye mita 1,950 za jabali, kwa upepo ule, hakuna anayepanga ratiba atakayekuandikia.